Kocha mkuu wa timu ya chuo Marekani huchaguliwa na nani hasa? Wajuzi shukeni hapa

#1 Dereva_wa_Tukuyu
Wakuu salaam. Naendesha lori huku Marekani, mwaka wa sita sasa, njia zangu ni Texas, Louisiana, Alabama na Tennessee. Redio ndiyo mke wangu barabarani. Na kuanzia Oktoba mpaka Januari redio za huku zina habari moja tu: chuo fulani kimemtimua kocha, chuo fulani kinasaka kocha. Naongelea futiboli yao, ya helmeti na mpira wa umbo la yai. Tena si timu za kulipwa za NFL. Ni vyuo vikuu, vyenye maktaba na maprofesa.

Kinachonishinda ni huu utaratibu. Mtu anafukuzwa Jumapili, analipwa mamilioni akae nyumbani, usiku ndege binafsi inaruka, asubuhi kuna mwanaume mwingine mbele ya kamera kavaa tai ya rangi ya chuo. Maombi ya kazi yalitumwa lini? Usaili ulifanyika wapi?

Dai langu: chuo hakichagui kocha. Wanachagua matajiri wanaotoa hela, mkuu wa chuo anatia saini tu. Anayebisha aje na mfano.

#2 Karanga_za_Moto
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Pasi_Ndefu
Mleta mada umepatia kidogo, umekosea kingi. Nipo Birmingham, Alabama, tangu 2011, hili nimeliona kwa macho.

Chukua Nick Saban, kocha wetu wa Alabama. Jumatano tarehe 10 Januari 2024 anawaita wachezaji anawaambia nastaafu. Mtu mwenye mataji saba ya taifa, moja akiwa LSU (chuo cha jimbo la Louisiana), sita hapa Alabama. Mji ulipoa kama kuna msiba wa kitaifa. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Greg Byrne, akawaomba wachezaji wampe saa 72, asiondoke mtu. Ijumaa tarehe 12 kocha mpya katangazwa: Kalen DeBoer kutoka Washington. Hizo 72 hazikuisha.

Matajiri gani hao wanaoitana, wanabishana na kukubaliana ndani ya siku mbili? Matajiri wa futiboli hawakubaliani hata rangi ya soksi. Mkurugenzi anayejua kazi yake ana karatasi kwenye droo yenye majina matano au sita, anaifuta na kuiandika upya kila msimu hata kama kocha wake anabeba vikombe. Byrne hakuanza kutafuta Jumatano. Jumatano alifungua droo.

#4 Bi_Kombo wa Vuga
Jamani hebu nikuulizeni, hao wachezaji si wanafunzi? Wanasoma saa ngapi?

#5 Nyali_Mpya
Pasi_Ndefu hiyo ya droo ni tamu bana, lakini umeruka kitu. Jina la kwanza kwenye droo halikuwa DeBoer, ama angalau wengine walitajwa kwa nguvu kabla yake. Dan Lanning wa Oregon alitoa video mwenyewe akisema habanduki. Mike Norvell wa Florida State akaongezewa mkataba mnono siku zile zile. Steve Sarkisian wa Texas naye alitajwa, akabaki. Kwa hivyo usituambie Byrne alifungua droo akachomoa karatasi moja. Alichomoa kadhaa.

#6 Pasi_Ndefu
Sawa Nyali, ndiyo maana nikasema majina matano sita, sikusema moja. Na aliyetoka si wa kuokoteza. DeBoer alikuwa 25–3 pale Washington, yaani kashinda 25 kafungwa 3, na siku nne kabla alikuwa anacheza fainali ya taifa, akafungwa na Michigan 34–13. Kabla ya hapo, chuo kidogo cha Sioux Falls alichochezea ujanani: 67–3, mataji matatu ya NAIA, mashindano ya vyuo vidogo.

#7 Mkia_wa_Mbuzi
67–3!!! Huyo alikuwa anacheza na shule za chekechea?

#8 Pasi_Ndefu
Cheka tu. Kuna wakurugenzi wanaopuuza rekodi za vyuo vidogo, wanaumia. Nitarudi kwenye hilo.

#9 Shemeji_wa_Knoxville
Naomba nimtetee mleta mada kwa upande mwingine kabisa. Si matajiri wala si mkurugenzi. Ni mashabiki.

Mimi naishi Knoxville, Tennessee. Novemba 2017 walimfukuza Butch Jones. Tarehe 26, Jumapili, zikatoka habari kwamba anakuja Greg Schiano, aliyekuwa mratibu wa ulinzi wa Ohio State. Hati ya makubaliano ilishasainiwa. Nilikuwa kazini, ghala la vifaa vya umeme, nakuambieni kazi ilisimama. Watu wakaenda chuoni, lile jiwe kubwa ambalo wanafunzi hulipaka rangi likaandikwa maneno ya kumkataa. Wabunge wa jimbo wakaingia mtandaoni nao. Hoja yao kubwa ilikuwa ushahidi uliowahi kutolewa mahakamani kuhusu alivyojua au hakujua mambo ya Jerry Sandusky (kocha msaidizi aliyekuja kufungwa kwa kunajisi watoto) walipokuwa wote Penn State miaka ya 1990. Schiano alikanusha na hajawahi kushtakiwa kwa lolote. Lakini jioni ile ile dili lilikufa.

Siku chache baadaye mkurugenzi mwenyewe, John Currie, akasimamishwa. Akaletwa Phillip Fulmer, kocha wa zamani aliyewapa taji la 1998, awe ndiye mkurugenzi. Naye akamleta Jeremy Pruitt. Kwa hiyo mashabiki walimkataa kocha NA wakamng'oa aliyemchagua. Mnataka ushahidi gani tena?

#10 Karanga_za_Moto
Na Pruitt akawapa raha gani?

#11 Shemeji_wa_Knoxville
Hapo umenichoma. 16–19 kwa misimu mitatu, akafukuzwa Januari 2021 kwa makosa ya usajili. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, walikuja kuhesabu makosa zaidi ya 200 na chuo kikatozwa faini ya dola milioni 8.

#12 Mkia_wa_Mbuzi
Kwa hiyo mashabiki walichagua, na walichagua vibaya. Kama kawaida yetu mitaani.

#13 Shemeji_wa_Knoxville
Mashabiki hawakumchagua Pruitt! Walimkataa Schiano. Ni vitu viwili tofauti. Shabiki ana kura ya hapana, hana kura ya ndiyo.

#14 Dereva_wa_Tukuyu
Hiyo nimeiandika. Kura ya hapana. Lakini ongezeeni chuo cha Texas A&M. Usiku wa tarehe 25 Novemba 2023 nilikuwa nimelala kwenye kituo cha malori karibu na Waco, redio ikisema Mark Stoops wa Kentucky anakuja A&M, kila kitu tayari. Naamka, Stoops anasema anabaki Kentucky. Tarehe 27 wamemchukua Mike Elko wa Duke. Huko nako kelele za usiku mmoja zilibadili kila kitu.

Na kumbukeni kwa nini nafasi ilikuwa wazi. Walimfukuza Jimbo Fisher huku wakimdaiwa dola milioni 76 hivi. Fisher alikuwa ameshinda mechi ya jana yake, 51–10! Hela ile mkuu wa chuo anaitoa kwenye karo? Matajiri hao hao.

#15 Nyali_Mpya
"Wakimdaiwa"? Dereva, Fisher ndiye aliyekuwa anawadai. Rudi shule ya msingi.

#16 Dereva_wa_Tukuyu
Naandika kwa kidole gumba, mwalimu. Umeelewa.

#17 Wakili_wa_Kijiweni
Niingie kwenye hilo la fidia kwa sababu watu wengi hudhani ni adhabu. Fidia ni sehemu ya uchaguzi wenyewe. Iko hivi.

Kocha anayetakiwa na vyuo vitatu ana wakala. Wakala hadai mshahara peke yake, anadai miaka na dhamana: mkinifukuza kabla ya mwaka wa sita, mnalipa yote yaliyobaki. Fisher alipoenda A&M mwishoni mwa 2017 alipewa miaka 10, dola milioni 75, zote zimedhaminiwa. Mwaka 2021 wakamwongezea tena. Upande wa pili, kocha akiondoka mwenyewe anakwenda kulipiwa na chuo kipya. Alabama walilipa Washington dola milioni 12 kumtoa DeBoer.

Kwa hiyo mkurugenzi anapofungua hiyo droo ya Pasi_Ndefu, haangalii majina tu. Anaangalia kila jina lina bei gani ya kulitoa, na kocha aliyepo ana bei gani ya kumwondoa. Kuna mwaka jina zuri linarukwa kwa sababu hesabu hizo mbili zikijumlishwa hazilipiki.

Sasa sikilizeni kiroja. Aliyemwajiri Fisher A&M ni mkurugenzi Scott Woodward. Akahamia LSU 2019. Mwaka 2021 akamchukua Brian Kelly kutoka Notre Dame: miaka 10, dola milioni 95. Oktoba 2025 Kelly kafukuzwa, fidia inakaribia milioni 54. Mkataba wa Fisher na wa Kelly, mkono ni ule ule.

#18 Mkia_wa_Mbuzi
Huyo apewe kalamu isiyo na wino.

#19 Wakili_wa_Kijiweni
Haki yake nimpe: alimleta pia Kim Mulkey wa mpira wa kikapu wanawake, akawapa LSU taji la taifa 2023. Lakini gavana wa Louisiana, Jeff Landry, hakutaka kusikia. Akasema hadharani Woodward hatachagua kocha anayefuata, afadhali Donald Trump achague. Siku iliyofuata Woodward hayupo.

Sasa niambieni nani alichagua. Gavana?

#20 Karanga_za_Moto
Gavana anachagua kocha wa chuo 😂😂 na sisi tulidhani TFF ndiyo ina mambo.

#21 Bi_Kombo wa Vuga
Yakhe, na masomo je?

#22 Mwana_Bukavu
Ndugu zangu, jambo zuri. Miye niko Iowa City, Wakongomani tuko wengi sana huku. Hapa hatujui hayo mambo yenu, kwa sababu kocha wetu Kirk Ferentz yuko tangu 1999. Mtoto wangu wa kwanza amezaliwa Ferentz yuko, amemaliza chuo Ferentz yuko.

Lakini sikilizeni alivyoingia. Mzee Hayden Fry alipostaafu mwisho wa 1998 baada ya miaka 20, watu wa hapa walimtaka Bob Stoops, kijana wao, alichezea Iowa. Stoops akaenda Oklahoma. Kesho yake wakampa Ferentz. Mwaka wa kwanza 1–10. Wa pili 3–9. Na mwaka huo huo wa pili, Stoops anachukua taji la taifa na Oklahoma! Fikiria mashabiki walivyolia. Kama ingekuwa leo, Ferentz angefukuzwa kabla ya theluji kuyeyuka. Wakamwacha. Mwaka wa nne, 2002, akapiga 11–2. Septemba 2025 akampita Woody Hayes kwa ushindi mwingi kuliko kocha yeyote katika Big Ten, ligi ya vyuo tunayochezea.

Mnauliza nani anachagua. Miye nauliza: mnampa siku ngapi?

#23 Pasi_Ndefu
Mwana_Bukavu umeongea vizuri ila usisahau kutuambia habari ya mwanawe.

#24 Mwana_Bukavu
Nilijua mtakuja hapo. Haya. Kijana wake Brian alikuwa mratibu wa mashambulizi, timu haifungi. Mwaka 2023 mkataba wake ukaandikwa kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Haikufika, akaambiwa kabla msimu haujaisha kwamba hatarudi. Mumeridhika?

#25 Mkia_wa_Mbuzi
Baba kocha, mtoto kocha msaidizi, pointi zinahesabiwa kama deni la dukani. Nimeipenda Iowa bure.

#26 Pasi_Ndefu
Na bado hawakutuachia Kadyn Proctor. Saban alipostaafu, kijana wa Des Moines akatoka Alabama akaenda kwao Iowa. Machi akarudi Alabama. Hakuwahi kucheza hata dakika moja kwa Ferentz.

#27 Mwana_Bukavu
Tulimpa chakula akaondoka. Iko sawa.

#28 Nyali_Mpya
Hapo kwa Proctor ndio kwenye jibu lenyewe, na mnapita juu juu. Kwa nini Byrne aliomba saa 72 na sio wiki mbili? Kwa sababu siku hizi kocha akiondoka, mlango wa uhamisho unafunguka kwa wachezaji wake. Wakati ule walipewa siku 30. Caleb Downs, beki bora kabisa, akaenda Ohio State. Isaiah Bond akaenda Texas. Julian Sayin, kijana mdogo wa kurusha mpira, akaenda Ohio State pia. Kila siku ya kusubiri ni mchezaji mmoja kwenye ndege.

Zamani chuo kingeweza kutafuta kocha mwezi mzima. Sasa kalenda ndiyo inachagua. Siku ya kusaini vijana wa sekondari iko mapema Desemba, dirisha la uhamisho Januari, mchujo wa ubingwa upo katikati. Chuo kinachukua kocha anayepatikana wiki ile, sio kocha bora.

#29 Wakili_wa_Kijiweni
Marekebisho madogo: hizo siku 30 zimeshabadilishwa. Tangu Oktoba 2025 ni siku 15, na zinaanza kuhesabiwa siku tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Yaani wamejaribu kuwapa wakurugenzi nafasi ya kupumua.

#30 Nyali_Mpya
Asante wakili. Lakini wamepumua? Lane Kiffin amewapa nani pumzi?

#31 Karanga_za_Moto
Kiffin! Nilikuwa nangoja afike.

#32 Shemeji_wa_Knoxville
Mtaje polepole, huku Knoxville jina hilo ni tusi. Alikaa nasi msimu mmoja, Januari 2010 akakimbilia USC (chuo cha Los Angeles) usiku, wanafunzi wakatoka nje kuchoma magodoro. USC nao wakaja kumfukuza 2013, uwanja wa ndege, wametoka kufungwa na Arizona State 62–41. Nilicheka siku ile, Mungu anisamehe.

#33 Nyali_Mpya
Na bado Novemba 2025 alitakiwa na vyuo viwili kwa mpigo akiwa na kazi. Timu yake Ole Miss (chuo kikuu cha Mississippi) ni 11–1, wamefuzu mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza. Florida wanamtaka, LSU wanamtaka. Familia yake ikapandishwa ndege kutembelea Gainesville, kisha Baton Rouge. Mashabiki wanafuatilia namba za ndege kwenye simu kama wanamfuatilia mdeni. Tarehe 30 Novemba akaondoka kwenda LSU, pale uwanja wa ndege wa Oxford, mji wa Ole Miss, watu wakamsindikiza kwa matusi. Aliomba amalize mchujo na vijana wake, mkurugenzi Keith Carter akakataa, timu ikapewa Pete Golding aliyekuwa mratibu wa ulinzi. Wakawatoa Tulane, wakawatoa Georgia, wakafika nusu fainali.

Kwa hivyo mimi nauliza swali la mtu mjinga: kama msaidizi wa ndani anafika nusu fainali, hayo mamilioni ya kusaka nje ni ya nini?

#34 Pasi_Ndefu
Timu alikuwa ameshaijenga Kiffin. Ukirithi ugali uliokwisha songwa usijiite mpishi.

#35 Nyali_Mpya
Na Saban aliwarithisha nyinyi nini? DeBoer 2024: 9–4, na ndani yake kipigo cha Vanderbilt 40–35. Ugali ulikuwa umesongwa pia.

#36 Pasi_Ndefu
...

#37 Mkia_wa_Mbuzi
Nukta tatu! Pasi_Ndefu amekosa pumzi. Nitawasha mshumaa.

#38 Mama_Ntwari
Naomba kuleta kitu ambacho wanaume wote humu mmekiruka. Mke.

Pasi_Ndefu utanithibitishia. Desemba 2006 Alabama walikuwa wameshakataliwa na Rich Rodriguez. Saban yuko Miami Dolphins ya NFL, anaulizwa, tarehe 21 Desemba anasema wazi hatakuwa kocha wa Alabama. Mkurugenzi wa wakati ule, Mal Moore, mzee wa watu, akaruka mpaka Florida na kukaa huko. Inasimuliwa aliwaambia marubani kama nikirudi bila huyu mtu nipelekeni Cuba. Na aliyemfungulia mlango, akamsikiliza na kuona Alabama ni mahali pa kuishi, anatajwa Terry, mke wa Saban. Tarehe 3 Januari 2007 wakashuka wote Tuscaloosa, watu wamejaa uwanjani kama kapokelewa rais. Miaka minane, dola milioni 32.

Hayo mataji sita yalianzia sebuleni. Mume anaangalia wachezaji na bajeti, mke anaangalia shule za watoto na kama atapata marafiki. Mkurugenzi mwenye akili humpeleka mke kuona nyumba kwanza.

#39 Pasi_Ndefu
Nathibitisha. Na kabla yake tulipitia mambo. Mike Price aliajiriwa Desemba 2002, akafukuzwa 2003 bila kusimamia mechi hata moja.

#40 Karanga_za_Moto
Notre Dame walivunja rekodi hiyo. George O'Leary, Desemba 2001, alikaa wiki mbili, ikagundulika alidanganya kwenye wasifu wake.

#41 Wakili_wa_Kijiweni
Siku tano, si wiki mbili. Wasifu ulisema ana shahada ya uzamili na kwamba aliwahi kuchezea chuo cha New Hampshire, vyote havikuwa kweli. Ndiyo maana siku hizi vyuo vingi vinalipa kampuni za kusaka watendaji. Watu wanadhani zinamtafuta kocha. Kocha anajulikana na kila mtu! Kazi yao kubwa ni kupekua vyeti na kesi, na kuwa mtu wa kati, ili kocha aweze kusema kwa kiapo kwamba "sijaongea na chuo chochote". Kweli hajaongea. Wakala wake kaongea na kampuni.

#42 Dereva_wa_Tukuyu
Kumbe! Hiyo ndiyo nilikuwa sielewi. Redioni wanaapa kila siku kwamba hakuna mazungumzo.

#43 Mzee_wa_Kamati
Nimesoma kimya. Mimi niliwahi kuwa kwenye kamati ya michezo ya chuo kimoja huku nyumbani, sikitaji. Tulitakiwa kuchagua kocha wa mpira wa miguu kwa michezo ya vyuo. Walikuja watu watatu. Wa kwanza alikuwa na vyeti, amevilaminisha. Wa pili alichezea ligi kuu enzi zake. Wa tatu hakuwa na lolote, ila alikuja na mipira kumi na mbili na koni, mali yake.

Tulikaa saa mbili, chai na maandazi, tukajadili falsafa ya mchezo, tukatoa alama. Tukamchukua mwenye mipira. Kumbukumbu za kikao zinasema "amewazidi wenzake kwa maono".

Msidhani Wamarekani wako mbali sana na hapo. Kocha mwenye wafadhili wa kulipa wachezaji ndiye mwenye mipira. Siku hizi sheria inaruhusu chuo chenyewe kuwalipa wachezaji, msimu wa 2025–26 kiwango cha juu ni dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Na kocha mkubwa naye, kabla ya kusaini, anauliza: fungu langu hapo ni kiasi gani?

#44 Mkia_wa_Mbuzi
"Amewazidi wenzake kwa maono" 😂😂😂 nimelia. Na mlishinda?

#45 Mzee_wa_Kamati
Tulitolewa hatua ya makundi. Akaondoka na mipira yake.

#46 Mama_Ntwari
Kuna jambo lingine, na si la kuchekesha. Angalieni uwanjani, wachezaji weusi ni wengi mno. Angalieni makocha wakuu. Mwaka 2009 jimbo la Oregon lilipitisha sheria kwamba vyuo vyake vya serikali lazima vimfanyie usaili angalau mgombea mmoja wa jamii ya wachache kabla ya kuajiri kocha mkuu. Majimbo mengine hayakukimbilia kuiga. Kocha mkuu mweusi wa kwanza kufika fainali ya taifa katika ngazi ya juu ni Marcus Freeman wa Notre Dame, Januari 2025. Mwaka 2025! Na Freeman alipatikanaje? Kelly alipokimbilia LSU 2021, wachezaji ndio walioonyesha wanamtaka, alikuwa mratibu wao wa ulinzi. Siku chache akapewa. Kwa hiyo droo za Pasi_Ndefu nazo zina rangi.

#47 Nyali_Mpya
Hii imenigusa. Kumbe wachezaji nao wamewahi kuchagua.

#48 Wakili_wa_Kijiweni
Chuo binafsi, kumbuka. Notre Dame hakina gavana juu yake. Kila nikisoma uzi huu naona kila mtu ana mfano na kila mfano una mwenye chuo tofauti.

#49 Pasi_Ndefu
Nimerudi na pumzi. Niliahidi vyuo vidogo. Indiana, timu iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kuliko zote katika historia ya daraja la juu. 2023 wako 3–9. Wanamchukua Curt Cignetti wa chuo cha James Madison, mzee wa miaka 62. Alikuwa msaidizi wa Saban hapa Alabama, akaacha 2011 akaenda kufundisha chuo cha daraja la pili kule Pennsylvania, mshahara ukashuka, watu wakamwona kachanganyikiwa. Alipoulizwa atawashawishi vipi vijana, akajibu kwamba yeye hushinda, mkamtafute Google. Msimu wa kwanza 11–2. Desemba 2025 kamfunga Ohio State 13–10, bingwa wa Big Ten.

Hakuna tajiri aliyepiga kelele kumtaka Cignetti. Hakuna ndege iliyofuatiliwa. Mkurugenzi aliangalia rekodi, basi.

#50 Shemeji_wa_Knoxville
Umechagua mmoja aliyefaulu. North Carolina nao walimwangalia Bill Belichick, kocha wa NFL mwenye rekodi ya Super Bowl (ubingwa wa NFL) sita, umri 72, hajawahi kufundisha chuo. Msimu wa kwanza 4–8. Rekodi gani inaangaliwa?

#51 Pasi_Ndefu
Rekodi ya VYUO, shemeji.

#52 Nyali_Mpya
Kuna jambo mnasahau: Norvell. Florida State walimwongezea hela asiende Alabama. Mwaka uliofuata 2–10. Hao hawakuchagua kocha mpya, walichagua kocha waliyenaye, wakapotea vilevile. Na wakala wake Jimmy Sexton ndiye wakala wa Saban, wa Fisher na wa Kiffin. Jina la mteja likitajwa tu kwenye nafasi ya wazi, mshahara wake unapanda huko aliko. Mkitaka kujua nani anachagua, tafuteni nani hapotezi kamwe.

#53 Dereva_wa_Tukuyu
Wakuu nimefika Shreveport, napakua mzigo. Matajiri, mkurugenzi, mashabiki, gavana, kalenda, mke, wachezaji, wakala, na mwenye mipira. Nilikuja na jibu moja, naondoka na tisa.

Ila mtu asaidie hili la mwisho. DeBoer katoka Washington, Washington wakamchukua Jedd Fisch wa Arizona, Arizona wakamchukua Brent Brennan wa San Jose State, San Jose State wakamchukua Ken Niumatalolo. Kama daladala: kashuka abiria mmoja mbele, watu wote wamesogea siti. Huyo wa siti ya nyuma kabisa alichaguliwa na nani?

#54 Mkia_wa_Mbuzi
Na kondakta.

#55 Mwana_Bukavu
Iowa hatusogei. Tumekaa.

#56 Bi_Kombo wa Vuga
Nimeuliza mara mbili, hakuna hata mmoja alonijibu. Hao watoto wanasoma saa ngapi?

#57 Mzee_wa_Kamati
Bi Kombo, hilo lifungulie uzi wake.